Nani Alisema? Historia ya Kunukuu, kutoka Dondoo la Darasani hadi Rafu za Maktaba ya Chuo

Utangulizi

Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Isiolo alirudi nyumbani likizo yake ya kwanza ya chuo kikuu akiwa na insha mkononi. Alikuwa ametoka kidato cha nne na alama nzuri sana, na shule nzima ilijivunia. Insha hiyo ilihusu ushairi wa Muyaka bin Haji. Mhadhiri wake alikuwa ameijaza wino mwekundu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, lakini maneno yaliyoandikwa yalikuwa yale yale mawili: "Nani alisema?" Mahali ambapo mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba Muyaka (1940) analalamikia jambo fulani, mhadhiri aliongeza swali jingine: "Mwaka huo alikuwa hai?"

Msichana huyo aliniuliza, "Mwalimu, kosa langu ni lipi? Hivi ndivyo tulivyoandika shuleni." Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nimemfundisha kutaja maudhui, kubainisha tamathali za usemi na kupanga hoja sita kwa alama kumi na mbili. Sikuwa nimemfundisha kuuliza habari hizo zimetoka wapi. Tena mengi ya niliyomwandikia ubaoni niliyatoa katika miongozo, nayo miongozo iliyatoa kwingine bila kusema ni wapi.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali lake. Hoja kuu ni kwamba kunukuu kulikuwapo katika jamii zetu kabla ya chuo kikuu. Ni adabu ya kumtaja aliyesema, na ni njia ya kumwezesha msikilizaji au msomaji ahakikishe. Tutaonyesha kwamba mwanafunzi wa Isiolo huenda chuoni akiwa tayari na msingi wa adabu hiyo. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha kuwa anao. Aidha, tutaifuata safari ya mashairi ya Muyaka kutoka Mombasa hadi madarasani mwetu ili kuona hasara inayopatikana majina yanapoangushwa njiani.

Dondoo ni nukuu

Kila mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, mtihani wa KCSE, analifahamu swali la dondoo. Hupewa maneno machache kutoka katika riwaya au tamthilia na kutakiwa kueleza muktadha wake kwa alama nne. Majibu yake huwa manne: msemaji ni nani, msemewa ni nani, mahali ni wapi, na sababu au tukio ni lipi. Watahiniwa wengi huyakariri majibu hayo kama sala, na walimu wengi hulifundisha swali hilo kama mtego wa kuponyoka.

Tulitazame upya. Chuoni, mwanafunzi anayenukuu hutakiwa kutaja mwandishi, mwaka wa kuchapishwa, jina la kitabu, mji na mchapishaji, pamoja na ukurasa. Tofauti ya kazi hizi mbili ni ndogo. Katika KCSE mtahini ndiye anayeleta maneno, nawe unamtafuta mwenyewe. Chuoni wewe ndiwe unayeleta maneno, na unatakiwa umtaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Katika hali zote mbili swali la msingi ni moja: maneno haya yana mwenyewe, ni nani, na aliyasema wapi?

Kwa hivyo, mwalimu anapomwambia mtahiniwa kwamba maneno ya mhusika hayaeleweki mpaka ajulikane anayesema na anayeambiwa, anamfundisha utafiti bila kujua. Mhusika mnafiki akisifu uaminifu, hatuwezi kusema kwamba mwandishi anausifu uaminifu kupitia kwake bila kuangalia ni nani anayesema. Mwanafunzi akiifahamu hoja hii katika kidato cha tatu, hatashangaa akiambiwa chuoni kwamba kauli ya mhakiki nayo haipimiki mpaka ajulikane mhakiki mwenyewe.

Kabla ya maktaba

Mifumo ya kunukuu inayotumika vyuoni leo si ya zamani sana. Utaratibu wa kutaja jina na mwaka ndani ya mabano, unaoitwa mfumo wa Harvard, huhusishwa na mtaalamu wa elimu ya wanyama, Edward Laurens Mark, aliyeutumia katika chapisho lake la 1881. Mwongozo wa Chicago ulitolewa 1906, na kitabu cha MLA kinachotumiwa na wanafunzi wa fasihi kilitoka mara ya kwanza 1977. Hata hivyo, tabia ya kutaja chanzo ni kongwe kuliko mabano hayo.

Wanafunzi wetu wengi wa Isiolo wamepitia chuo cha Kurani kabla ya shule ya msingi au sambamba nayo. Huko husikia hadithi za Mtume zikitanguliwa na majina: fulani amepokea kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani. Mlolongo huo ndio isnadi. Wanazuoni wa karne za mwanzo za Uislamu, akiwamo Bukhari aliyefariki 870, hawakupima maneno pekee. Waliwachunguza waliyoyabeba: je, huyu alikutana na yule? Alikuwa mwaminifu? Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Mlolongo ukikatika, hadithi hudhoofika hata kama maneno yake ni mazuri.

Jamii za Isiolo zina mifano mingine. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kuihesabu nasaba yake, abtirsi, baba hadi babu hadi babu wa babu. Waborana huiita historia yao ya mdomo argaa dhageettii, yaani yaliyoonekana na yaliyosikika. Jina hilo peke yake ni somo la utafiti. Linatenganisha aliyeshuhudia na aliyesimuliwa, tofauti ambayo chuoni huitwa chanzo cha kwanza na chanzo cha pili.

Watunzi wa pwani pia waliijali kumbukumbu ya aina hii. Ni desturi ya utenzi kuwa na beti za mwisho ambamo mtunzi hujitambulisha, hutaja idadi ya beti, au huweka mwaka kwa hesabu ya Hijra. Utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, alioutunga 1858 kwa ajili ya bintiye, tunaweza kuupanga katika wakati wake kwa sababu mtunzi mwenyewe hakutuachia kazi ya kubahatisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tungo nazo ni mali.

Safari ya mashairi ya Muyaka

Sasa turudi kwa swali la mhadhiri: mwaka 1940 Muyaka alikuwa hai? Hakuwa. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi Mombasa takriban kati ya 1776 na 1840. Alitunga wakati Wamazrui walipotawala mji huo na kuvutana na Seyyid Said wa Oman, aliyefaulu kuutwaa 1837. Mengi ya mashairi yake yalizaliwa na matukio ya mji: vita, vijembe, ushindani wa washairi, mapenzi, njaa. Watu wa wakati wake hawakuhitaji maelezo, kwa kuwa walimjua anayesutwa na sababu ya kusutwa kwake.

Yeye mwenyewe hakuchapisha kitabu. Mashairi yalibaki vichwani mwa watu na katika karatasi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi na mshairi wa Mombasa, alifanya kazi ya kuyakusanya na kuyafafanua. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Ernest Taylor, aliyefika pwani 1880. Sikujua aliyakumbuka, akayaandika na kuyaeleza. Taylor akayanakili kwa hati ya Kirumi na kuongeza maelezo. Sikujua alifariki 1890. Taylor alifariki 1927, na karatasi zake zikahifadhiwa London katika chuo kinachojulikana kama SOAS.

Kutokana na karatasi hizo, William Hichens alihariri kitabu Diwani ya Muyaka, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1940. Huo ndio mwaka ulioingia katika insha ya mwanafunzi wangu. Baadaye Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyarudia mashairi hayo, akayatafsiri na kuyaweka katika historia ya Mombasa katika kitabu kilichotolewa na Kenya Literature Bureau 1979.

Basi shairi lililotungwa Mombasa lilipita katika kumbukumbu ya Sikujua, karatasi za Taylor, makabati ya London, mtambo wa Johannesburg na uhariri wa Nairobi kabla ya kufika Isiolo. Kuandika "Muyaka (1940)" ni kuwafuta watu hao wote na kumfufua marehemu baada ya miaka mia moja. Njia iliyo sahihi ni kusema Muyaka, katika Hichens (1940), au Muyaka, katika Abdulaziz (1979), kisha ukurasa.

Msomaji anaweza kuuliza: kuna ubaya gani, iwapo maneno ni yale yale? Jibu ni kwamba si lazima yawe yale yale. Hati ya Kiarabu haikuwa na herufi za sauti zote za Kiswahili. Mwandishi wa zamani aliweza kutumia herufi moja kwa p na b, na kuiacha nazali inayotangulia konsonanti. Msomaji wa baadaye ndiye aliyeamua kama neno ni hili au lile. Wahariri wawili wanaweza kuusoma mstari mmoja kwa njia mbili, na uhakiki wa mizani, vina au maana ukabadilika. Mwanafunzi asiyetaja toleo alilolitumia hubeba makosa ya mhariri kana kwamba ni yake, au humbebesha Muyaka.

Lipo jambo jingine, nalo ni la haki. Kitabu cha Hichens kinajulikana kwa jina la Hichens. Sikujua, ambaye bila yeye kitabu hicho kisingekuwa kama kilivyo, hana mwaka wala mabano katika insha za wanafunzi wetu. Hakuwa peke yake. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki 1945, aliwanakilia miswada Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann kwa mwandiko wake mzuri, na yeye ndiye aliyeutunga Utenzi wa Liyongo tunaousoma, ulioandikwa 1913. Bado wanafunzi huandika habari za Fumo Liyongo kana kwamba utenzi huo ulijitunga. Aidha, wahakiki wametofautiana kwa karne kadhaa kuhusu enzi aliyoishi Liyongo. Mwanafunzi anayetaja karne moja bila kusema ameipata kwa nani ameingia katika ugomvi wa wataalamu na kuchagua upande bila kujua kwamba kuna ugomvi.

Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja mwaka 1870, jalada la kitabu lilisema zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Jina la mkusanyaji lilikuwa wazi. Wasimulizi walikuwa "wenyeji". Tunaweza kumlaumu kwa hilo, lakini tutaona hapa chini kwamba sisi wenyewe tunaendelea kufanya hivyo hivyo.

Rafu za maktaba

Mwanafunzi anayetoka Isiolo husafiri takriban kilomita 280 kufika Nairobi. Pengine maktaba kubwa ya kwanza kuiona maishani ni ya chuo. Shirika la maktaba za taifa lilianzishwa kwa sheria ya 1965, na tangu 1996 ngamia wamebeba masanduku ya vitabu katika maeneo ya Garissa, lakini umbali kati ya kijana wa kaskazini na vitabu vya utafiti haujaisha. Ndiyo sababu wengi huingia maktaba ya chuo, hutazama rafu, huona haya kuuliza, kisha hutoka na kununua nakala za mihadhara ya mwaka uliopita. Kuuliza si ujinga, na mkutubi yupo kwa ajili hiyo.

Maktaba ina mantiki yake. Katika mfumo wa Dewey, lugha ya Kiswahili iko kwenye 496.392 na fasihi yake kwenye 896.392. Katika mfumo wa Library of Congress, Kiswahili kimo kati ya PL8701 na PL8704. Anayezijua namba hizi anaweza kuingia maktaba asiyoijua na kufika mahali pake bila kupotea. Akifika, asichukue kitabu alichokiandika kwenye kikaratasi tu. Atazame majirani zake kwenye rafu. Kisha afungue marejeo yaliyo mwishoni mwa kitabu kizuri. Humo mhakiki amewaachia wenzake njia aliyopitia, na kila jina ni mlango wa kitabu kingine.

Vitabu peke yake havitoshi. Jarida Kiswahili la Taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina mizizi katika taarifa za Kamati ya Kiswahili zilizoanza 1930, na Mulika lilitolewa na taasisi hiyo hiyo. Ziko pia tasnifu. Kwa mfano, Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamili ya 1976 kuhusu riwaya za Shaaban Robert, naye wakati huo alikuwa tayari mwandishi wa riwaya. Kuhusu miswada, J. W. T. Allen aliorodhesha ile iliyokusanywa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa Leiden 1970. Miswada ya SOAS nayo iliorodheshwa katika miaka ya mwanzo ya 2000, kazi ambayo Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alichangia sana elimu yake. Hivi leo orodha na tasnifu nyingi zinapatikana kwa intaneti, hata kwa simu iliyo Merti au Kinna, mradi mtandao upo.

Nidhamu ya kuandika kumbukumbu ndiyo inayookoa. Kabla hujanakili neno lolote, andika juu ya karatasi jina la mwandishi, mwaka, kitabu, mji, mchapishaji. Maneno ya mwandishi yaweke ndani ya alama za mtajo papo hapo, pamoja na ukurasa. Fikra zako ziandike chini, nje ya alama hizo. Wizi mwingi wa maandishi hauanzi kwa nia mbaya. Huanza kwa daftari ambalo, baada ya wiki mbili, mwenyewe hawezi kutenganisha maneno yake na ya kitabu.

Mwaka na jina

Mambo mawili huwatatiza wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kuliko wengine, nayo ni mwaka na jina.

Kuhusu mwaka, tuchukue mfano wa Kufikirika cha Shaaban Robert. Toleo lake la kwanza lilitolewa na Oxford University Press mwaka 1967. Mwaka huo huo, mwezi Februari, Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha. Mwanafunzi mwepesi wa kuunganisha mambo anaweza kuandika kwamba mwandishi anaizungumzia siasa ya Ujamaa. Lakini Shaaban Robert alifariki Juni 1962, na kitabu alikiandika 1946, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Mwaka wa uchapishaji humwonyesha msomaji pa kukipata kitabu. Mwaka wa utunzi humwonyesha mhakiki ulimwengu uliokizaa. Anayevichanganya huharibu uhakiki wake wote, hata kama kila sentensi imeandikwa kwa ufasaha. Ni kosa lile lile la "Muyaka (1940)".

Kumbuka pia kwamba kitabu kikichapishwa upya kurasa hubadilika. Kusadikika kilitoka 1951 kwa Nelson, na kimetolewa tena na wachapishaji wengine. Kutaja ukurasa bila kutaja toleo ni kama kumwelekeza mgeni nyumba ya tatu bila kumwambia mtaa.

Kuhusu jina, mifumo ya Kimagharibi hudai jina la ukoo kwanza. Mwanafunzi wa Isiolo anajua kwamba majina yake matatu ni lake, la baba na la babu, na hakuna la ukoo kati yao. Hali ni hiyo hiyo kwa Muyaka bin Haji: Haji ni babake, na anayemtafuta mshairi chini ya H anaweza kumkosa. Shaaban Robert mtu hukutana naye chini ya S katika orodha moja na chini ya R katika nyingine. Marehemu Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012), ametia saini baadhi ya makala yake ya kitaaluma kwa jina la Waliaula. Kanuni ni kutafuta kwa majina yote, kisha kuchagua namna moja na kuishikilia katika insha nzima.

Wazee wetu nao ni vyanzo

Silabasi inawataka wanafunzi wajue ukusanyaji wa fasihi simulizi: kushuhudia, kushiriki, mahojiano, hojaji, unasaji wa sauti, na matatizo ya nyanjani. Watahiniwa huyajibu maswali haya vizuri. Lakini wakitumwa kweli kukusanya ngano wakati wa likizo, huleta kazi yenye kichwa "Ngano ya Waborana" au "Methali za Waturkana", basi. Msimulizi hayumo. Bibi aliyekaa nao jioni nzima amekuwa "mwenyeji", kama wale wa jalada la 1870.

Tunapendekeza kila ngano inayokusanywa iambatane na jina la msimulizi iwapo amekubali kutajwa, mahali, tarehe, lugha aliyosimulia, na aliyetafsiri kwa Kiswahili. Hayo ya mwisho ni muhimu hasa Isiolo, ambako ngano husimuliwa kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu au Kimeru kabla ya kuandikwa kwa Kiswahili. Mtafsiri ni mkono mmojawapo katika isnadi, na mkono huo unaweza kubadilisha kitu.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi tunapogusa historia ya mahali petu. Majalada ya utawala wa kikoloni wa wilaya ya Isiolo yako Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, chini ya herufi DC/ISO. Mtoto wa Isiolo anayetaka kuyasoma lazima asafiri. Kwa upande mwingine, miaka ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu walipokusanywa katika vijiji vilivyolindwa na mifugo kuangamia, wazee wa Waso huiita Daaba, yaani kusimamishwa. Lugha ya serikali ilikuwa ya vijiji na usalama. Neno la wazee ni jingine kabisa. Mwandishi wa hadithi fupi au tamthilia kuhusu miaka hiyo, na mhakiki wake, atahitaji vyote viwili, na atahitaji kusema wazi ni neno la nani. Akinukuu jalada kwa namba na kumwacha mzee bila jina, atakuwa amekwisha kuamua ni nani anayestahili kuaminiwa.

Miongozo, intaneti na akili unde

Hatuipingi miongozo. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na nakala chache za vitabu huihitaji. Ubaya ni kuufanya mwongozo uwe chanzo cha mwisho. Kosa likiingia katika mwongozo mmoja huhamia katika wa pili na wa tatu, na kufikia hapo watu husema "vitabu vyote vinakubaliana". Havikubaliani, vimenakiliana. Isnadi yake ni ya mtu mmoja.

Intaneti imeongeza kasi ya mambo hayo, na programu za akili unde zimeleta hatari mpya. Programu hizo zinaweza kumpa mwanafunzi jina la mwandishi, kitabu, mwaka na hata ukurasa, vyote vikiwa vimepangwa kwa mtindo sahihi wa chuo, ilhali kitabu chenyewe hakikuandikwa na mtu yeyote. Mtu asiyewahi kushika kitabu hawezi kutambua. Dawa ni ile ile: usinukuu usichokisoma. Ukikipata kwa mtu mwingine, sema umekipata kwake: Fulani, kama alivyonukuliwa na fulani.

Hitimisho

Mwanafunzi wangu alirudi chuoni, akazitafuta diwani zote mbili za Muyaka na kuiandika insha upya. Alinieleza baadaye kwamba karibu kila dondoo alilipata, isipokuwa moja. Ulikuwa ubeti mzuri, nami niliupenda, na nilikuwa nikiuandika ubaoni mwaka baada ya mwaka kama ubeti wa Muyaka. Hakuupata kwa Hichens wala kwa Abdulaziz. Akaniuliza, kwa heshima, "Mwalimu, huu wewe uliupata wapi?" Nilipekua madaftari yangu ya ualimu yote. Ubeti upo, mwandiko ni wangu, na chini yake hakuna kitu. Nikamwambia autoe katika insha, naye akautoa.

Tangu siku hiyo kila ninachokiandika ubaoni hukiandikia chini jina, kitabu na ukurasa, hata kikiwa ni mstari mmoja. Wanafunzi wa kidato cha kwanza huninong'onea kwamba ninapoteza chaki. Wa kidato cha tatu wameanza kuniuliza nikisahau.

Maswali ya kujadili

1. "Swali la dondoo ni somo la kwanza la utafiti." Jadili ukitumia tamthilia au riwaya teule unayoisoma. Taja toleo na kurasa ulizotumia.

2. Eleza tofauti kati ya mwaka wa utunzi na mwaka wa uchapishaji. Onyesha jinsi kuvichanganya kunavyoweza kupotosha uhakiki.

3. Kusanya ngano moja kutoka kwa mzee wa kijijini kwenu. Andika mlolongo wote wa watu ambao ngano hiyo imepitia, kwa kadiri anavyoukumbuka, hadi kukufikia wewe.

4. Chagua kauli moja kutoka katika mwongozo wowote wa fasihi. Ifuatilie hadi chanzo chake cha kwanza, kisha ueleze ulichokipata.